Rangi Iliyogoma Kupauka

Soko lilikuwa limefurika asubuhi hiyo. Wapagazi walipita na magunia mabegani wakiomba njia kwa kelele, wanawake waliinamia mafungu ya nyanya wakizibonyeza moja moja, na sakafu ya saruji ilikuwa imelowa maji ya kuoshea karoti. Katikati ya msukumano huo alisimama mwanamke mrefu, mwembamba, gauni lake la kijivu limepigwa pasi upande wa mbele tu, raba nyeupe miguuni, na mkononi ameshika boksi la barafu la aina ile wanayobebea chanjo. Siku haikuwa imeanza vizuri na yeye alikuwa amekwisha kuchoka. Uchovu wake ulikuwa wa wale ambao ukiwauliza wana nini hawajui waanzie wapi.

"Majani haya ya lini?" alimwuliza mchuuzi mmoja mwenye kofia ya sufu.

"Ya leo, mama. Yametoka shambani alfajiri."

"Ya leo, na yamelegea hivi? Umeyamwagia maji yaonekane mabichi. Tazama, shina limeshaanza kuwa jeusi."

"Sasa dada yangu, unanunua majani ya viazi au unaposa?"

Watu wakacheka. Mwanamke akahisi masikio yanapata moto. Alikuwa na jibu, tena kali, lakini sauti ya mwanamume kutoka meza ya pili ikamtangulia.

"Mwache aulize, bwana. Wewe ulipoposa hukuuliza, ndiyo maana unachelewa kurudi nyumbani."

Safari hii kicheko kilimgeukia mwenye kofia. Mwanamke akageuka kumtazama msemaji. Alikuwa kijana aliyekomaa, mabega mapana, shati jeupe lililokunjwa mikono na aproni ya turubai ya bluu iliyofuliwa hadi ikapauka. Mbele yake palikuwa na ubao, na juu ya ubao kisu chembamba kilikuwa kikienda mbio juu ya fungu la mboga, mboga zikitoka upande wa pili nyembamba kama nyuzi. Hakuwa akikitazama kisu. Alikuwa akimtazama yeye.

Sokoni walimwita Wembe. Akina mama waliotoka kazini jioni, miguu inawaka moto, walipanga foleni kwake ili wakatiwe mboga wafike nyumbani waziweke jikoni moja kwa moja.

"Karibu, bibie," alisema. "Majani ya viazi yapo. Nikukatie?"

"Hapana, nayataka mazima. Nayachambua mwenyewe."

"Mpishi wa hoteli?"

"Sipiki. Napima."

"Unapima nini kwenye jani la kiazi?"

"Ni habari ndefu," alisema mwanamke, akaanza kuchagua majani moja moja, akiyageuza nyuma na mbele kama anayakagua meno. Wembe alimtazama mpaka akamaliza, na alipofungua boksi na kuyalaza juu ya barafu, alitikisa kichwa kwa heshima ya kweli.

"Miaka yote nauza mboga sijaona mtu akiilaza kitandani. Wewe ni daktari. Daktari wa Majani."

"Bado. Nikimaliza tasnifu ndipo."

"Mimi nimeshakutunuku."

Jina likamganda. Baada ya muda soko zima lilimwita Daktari, na sisi tumwite hivyo hivyo.

Kazi yake Daktari ilikuwa maabara, ghorofa ya chini ya jengo la chuo, chumba chenye dirisha moja linalotazama maegesho ya magari. Humo alisimama kutwa nzima. Aliosha vioo, akakausha majani kwenye kabati la joto, akayasaga yakawa unga, akauloweka unga na kuuchuja, kisha akaosha vioo tena. Profesa wake alikuwa mtu mwema lakini mwenye safari nyingi. Aliyemsaidia kwa mikono alikuwa Bi Fundi, mama wa maabara, mwenye miwani ya kamba na viatu vya kitambaa, aliyekuwa pale tangu jengo lina harufu ya rangi mpya. Jioni Daktari alirudi nyumbani kwa mama yake, mshonaji aliyestaafu, akapika, akafua, akalala. Mwenzake mmoja wa zamani alikuwa amemwambia kwamba kumpenda yeye ni sawa na kumpenda mtu aliye safarini. Mwenzake huyo alikwisha kuoa.

Kwa hiyo Wembe alipoanza kumpigia simu saa za mchana, Daktari alidhani amekosea namba.

"Daktari, umekula?"

"Nani mwenzangu?"

"Mwenye kisu."

"Namba umeitoa wapi?"

"Si uliniachia mwenyewe, nikupigie majani machanga yakifika?"

"Na yamefika?"

"Hayajafika. Nimepiga kukuambia hivyo, usije ukasubiri."

Akacheka. Hakukumbuka mara ya mwisho alicheka lini ndani ya maabara ile. Bi Fundi aliinua macho juu ya miwani, akayashusha.

Mapenzi yao yalianza hivyo, kwa vipande vya dakika. Jioni alipitia sokoni akamkuta Wembe anafunga meza, wakaketi juu ya kreti zilizopinduliwa. Wembe alikuwa na maneno ya kumtosha kila mteja, lakini akiwa naye alipenda kusikiliza.

"Sasa nieleze hiyo habari ndefu," alimwambia siku moja. "Ndani ya jani kuna nini?"

Daktari akavua raba, akanyoosha vidole vya miguu. "Mmea hauwezi kukimbia. Jua likichoma, upo. Mdudu akija, upo. Basi unajitengenezea kinga yake ndani kwa ndani. Kuna jamii ya kemikali zinaitwa fenoli. Zinakuwa kama zinatangulia kuliwa ili kitu kingine kisiliwe. Sisi nasi tukila jani, zinatusaidia mwilini kupunguza uharibifu."

"Kama rangi juu ya bati. Kutu inakula rangi, bati linabaki."

"Hivyo hivyo, ndiyo."

"Na unajuaje kama rangi ni nyingi au kidogo?"

"Kuna dawa ina rangi ya zambarau, iliyokolea kweli. Nikiitia maji ya jani lenye nguvu, zambarau inapauka mpaka inakuwa manjano. Jani likiwa dhaifu, inabaki zambarau, inanitazama tu."

"Na kabla ya hapo, kama ulivyoniambia, unayakausha na kuyasaga?"

"Yanakuwa unga laini."

"Sasa kama mwisho wake ni kusagwa, kuyachambua kote huko yakiwa mazima ni kwa nini?"

Swali lilikuwa zuri. Jibu lake lilikuwepo pia, kamili, na lilianzia kwenye vyumba vidogo sana vya ndani ya jani na kuta zake. Daktari alilitazama jibu hilo, akaona urefu wake, akahisi kope zinashuka.

"Ndiyo taratibu," alisema.

"Haya. Mama anakula nini leo?"

"Nitamkatia mboga nikifika. Laiti ningepata mtu wa kunikatia, Wembe. Mikono hii hata siisikii."

Hakupata hata kumaliza. Kisu kilikuwa juu ya ubao. Tangu siku ile kila jioni alikuta mfuko wake umefungwa, mboga za nyumbani zimekatwa nyembamba kuliko za mteja yeyote, na Wembe hakukubali hata asante. Mama alipoziona mara ya kwanza alizichota kwa vidole akazipeleka karibu na taa.

"Nani kakata hizi?"

"Muuza mboga, Mama."

"Muuza mboga hakati hivi. Huyu anakupenda. Mwambie aje nimwone."

Wembe akaja, shati la mistari limenyooshwa, viatu vimepigwa rangi, akaamkia kwa adabu zote na kujibu maswali yote. Aliondoka ameshaitwa mwanangu. Daktari alimsindikiza hadi mlangoni kwenye ngazi, na pale ngazini, kwenye mwanga hafifu wa taa iliyokuwa inakaribia kuungua, Wembe alimshika mkono, akaugeuza, akavitazama vidole vyake vilivyobaki na weusi wa utomvu wa majani.

"Vidole hivi vinanisikitisha," alisema.

"Ndivyo vilivyo. Havitoki hata kwa sabuni."

"Sisemi vitoke, laazizi. Nasema vipumzike."

Kisha Mama akateleza bafuni.

Ilikuwa siku ya majani ya mwisho, yale ambayo Daktari alihitaji ili kufunga jedwali lake lote. Alikuwa ukumbini mwa hospitali, Mama yuko kwenye kiti cha magurudumu, mguu umevimba, foleni haisogei. Alimpigia Wembe huku akitembea huku na huko.

"Siwezi kuja, mpenzi. Na majani lazima yaingie kwenye kabati leo, si kesho."

"Wewe kaa na Mama. Nitayapeleka mwenyewe maabara."

"Kweli? Mkabidhi Bi Fundi, yeye anajua la kufanya. Yawe mabichi, Wembe. Tafadhali."

"Yatakuwa yametoka ardhini sasa hivi. Lini nimekuangusha?"

"Hujawahi."

"Basi tulia. Mpe Mama pole zangu."

Alikata simu, akaketi kwenye benchi, na kwa mara ya kwanza tangu alfajiri akaegemeza kichwa ukutani. Aliona raha ya ajabu, ya kuwa na mtu. Hakujua kwamba wakati huo huo Wembe alikuwa amechagua majani bora kuliko yote ya shehena ile, amevichambua vikonyo kimoja kimoja, akayatazama yakiwa kwenye mfuko, akafikiri: si yatasagwa tu? Na vidole vya watu vimechoka. Akachukua kisu, akayakata yote, kwa mkono wake mwepesi kuliko siku zote, akafunga mfuko, akaubeba juani hadi chuoni. Njia ilikuwa na msongamano. Mfuko ulikaa mapajani kwake unapata joto, naye akawa anatabasamu peke yake.

Bi Fundi alipokea, akayamwaga kwenye trei, akafunga kabati. Kesho yake akaenda likizo kumwuguza binti yake aliyejifungua.

Daktari aliporudi kazini alikuta unga umekwisha kusagwa na mwanafunzi wa zamu, umo kwenye chupa yenye kizibo. Unga ni unga. Huu ulikuwa na weusi kidogo, lakini taa ya chumba kile ilifanya kila kitu kiwe na weusi kidogo. Akauloweka, akachuja, akapanga mirija midogo ya kioo kwenye kishikio, akatia zambarau, akasubiri.

Zambarau haikubadilika.

Akaongeza muda. Akatengeneza dawa mpya. Akapima tena kwa mashine, akarudia, akarudia tena. Rangi ilikaa pale pale, imekolea, kama haikuguswa na kitu. Profesa, aliyekuwa ndiyo kwanza amerudi safari, alisimama nyuma yake akiwa na begi bado begani.

"Majani haya yamelala," alisema. "Mtu kakuuzia ya juzi. Nani aliyeyaleta?"

Daktari aliigeuza chupa ya unga mkononi.

"Kikao cha kutetea tasnifu kitabidi kisogee. Msimu ujao, labda. Pole sana." Alimpiga begani kidogo, akaondoka.

Alibaki ametazama zambarau. Msimu ujao. Mwaka mwingine wa kuosha vioo, mwaka mwingine wa Mama kuuliza lini. Kichwani mwake alimwona mwenye kofia ya sufu akinyunyizia maji majani yaliyonyauka, kisha uso wa yule wa kofia ukaondoka, ukaja wa Wembe. Wote wanauza soko lile lile, alijiambia. Alikuwa amechoka mno kuipinga fikra hiyo.

Alifika sokoni wakati wa foleni ya jioni. Gauni lake la maabara alikuwa hajalivua.

"Daktari wangu," Wembe alianza, akitabasamu, "mguu wa Mama unaendeleaje?"

"Majani uliyonipelekea yalikuwa ya lini?"

Tabasamu likasimama njiani. "Ya siku ile ile. Kwani vipi?"

"Usinidanganye. Yamelala. Kazi yangu yote imeharibika. Uliona sipo, ukanipelekea mabaki ukayamwagia maji. Na mimi mjinga nikakwambia tafadhali."

Mama mmoja aliyekuwa ameshika mfuko wake wa mboga akauangalia, kisha akaangalia tena. Wembe aliliona jicho lile. Aliweka kisu chini taratibu.

"Umemaliza?"

"Nijibu."

"Meza hii aliniachia baba yangu mgongo ulipomshinda. Sijawahi kumwuzia mtu jani la jana, hata yule nisiyempenda. Wewe ungeniuliza tukiwa wawili, ningekujibu. Umekuja kuniuliza mbele ya wanaonilisha." Alimgeukia mteja. "Samahani, mama. Nikukatie au unayachukua mazima?"

"Nipe mazima," alisema yule mama kwa sauti ndogo.

Daktari aliondoka. Hakulia mpaka alipofika nyumbani, na hata hapo alilia akiwa anakatakata mboga, vipande vinene visivyolingana.

Siku zikaenda. Simu ya mchana haikuita. Alinunua majani mengine kwa mtu mwingine, upande wa pili wa mji, akaanza kazi upya tangu mwanzo, akiwa hana hasira tena wala hamu. Alikuwa akipanda ngazi za nyumbani akipumzika katikati, mwanamke wa umri wake. Mama, mguu umefungwa plasta na kuwekwa juu ya kiti, alimtazama akila kimya.

"Wembe haonekani."

"Ana kazi, Mama."

"Kazi gani hiyo isiyo na dakika ya simu?"

"Alinidanganya."

"Kwa lipi?"

Akamweleza. Mama alisikiliza, akaitazama mboga iliyo kwenye sahani, akachokora kipande kimoja kinene kwa kijiko.

"Mimi nimeshona nguo za watu maisha yangu yote," alisema. "Anayekuibia kitambaa huoni mshono wake ukiwa mzuri ndani, mahali pasipoonekana. Yule kijana alikuwa anakata hata vikonyo vya ndani. Lakini wewe ndiye msomi, mwanangu. Nipe maji."

Bi Fundi alirudi siku ya mvua, ana uso wa bibi mpya, simu imejaa picha za mtoto aliyefumba macho. Daktari alizitazama zote, akasifia pua, akasifia nywele. Bi Fundi akafunga aproni yake, akaanza kupanga vioo.

"Na mwenzio hajambo? Yule wa majani?"

"Sijui, Bi Fundi. Tuliachana."

"Ee, maskini. Na mkono ule? Nilipoyamwaga kwenye trei nikasema, huyu mwanamke amepata. Mtu kakata majani yote yale kama nyuzi za cherehani, jani halijulikani lilikuwa jani. Nikajua umemwagiza kwa jaribio lako jingine."

Mrija aliokuwa ameushika Daktari ulibaki hewani.

"Aliyakata?"

"Yote. Na vikonyo kaviondoa. Nilidhani umemwagiza."

Daktari akavuta kiti akaketi. Hakuhitaji kitabu. Jani likiwa zima, fenoli zake zimekaa kwenye chumba kimoja, na kimeng'enya cha kuzigeuza kiko kwenye chumba kingine. Kisu kinabomoa kuta. Vikikutana, pamoja na hewa, kinga inaliwa, jani linakuwa jeusi, kama biringanya lililokatwa na kusahauliwa mezani. Kadiri unavyokata nyembamba ndivyo unavyobomoa vyumba vingi. Na hakuna mtu katika mji ule aliyekata nyembamba kuliko Wembe. Kisha akayabeba kwenye mfuko, juani, kwenye msongamano.

Majani yalikuwa mabichi kuliko yote aliyowahi kuletewa. Yaliharibiwa kwa sababu mtu fulani alivionea huruma vidole vyake. Naye Daktari alimwita mwongo mbele ya wateja wake, kwa jambo ambalo yeye mwenyewe aliulizwa, akajibu tu 'ndiyo taratibu.' Aibu ilimpanda tangu tumboni hadi usoni, akaiacha ipande.

Alipiga simu. Iliita mpaka ikakata. Akapiga tena.

"Nenda tu," alisema Bi Fundi. "Vioo nitaosha mimi."

Mvua ilikuwa imelipunguza soko, lakini foleni ya Wembe ilikuwepo, fupi kuliko zamani. Alimwona Daktari akija, amelowa, nywele zimemshika shingoni, akainamisha macho kwenye ubao. Daktari hakungoja foleni iishe. Alisimama mahali pale pale aliposimama siku ile, akainua sauti ili hata mwenye kofia ya sufu asikie.

"Nilisema hapa kwamba huyu aliniuzia majani yaliyolala. Si kweli. Yalikuwa mabichi. Aliyekosea ni mimi. Nimekuja kusema palepale niliposemea."

Kisu cha Wembe kilikata fungu lake mpaka mwisho.

"Umejuaje?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Uliyakata."

"Niliyakata. Si ulisema yatasagwa?"

"Jani hili likikatwa bichi, kile ninachokipima kinaharibika. Ndiyo maana nilikuwa nayachukua mazima."

Sasa aliinua kichwa. Macho yake yalikuwa mekundu kidogo, ya mtu asiyelala vizuri, na Daktari aliona kwamba uchovu haukuwa mali yake peke yake.

"Kwa hiyo ni mimi niliyeiharibu kazi yako."

"Ni mimi. Uliniuliza."

"Nilikuuliza. Ungeniambia tu, 'Wembe, ukilikata linaharibika.' Maneno mangapi hayo?"

"Machache."

"Uliona sitaelewa?"

"Hapana. Niliona nimechoka. Nilidhani nikichoka nina haki ya kunyamaza, kisha nikageuka nikakulaumu kwa nisichokwambia. Nisamehe."

Wembe alifuta kisu kwa kitambaa, pande zote mbili, polepole.

"Sijui, Daktari. Lile neno liliniingia. Watu wamekuwa wakinusa mboga zangu kabla ya kununua. Niache kwanza."

"Sawa," alisema, akarudi mvuani.

Aliendelea na kazi yake. Hakupiga simu tena, maana aliombwa aache, na safari hii alitaka kusikia alichoambiwa. Mama alitolewa plasta. Majani ya yule muuzaji wa upande wa pili yalikuwa ya wastani, na zambarau ilipauka kwa uvivu, nusu nusu.

Halafu mchana mmoja mlango wa maabara uligongwa. Wembe alikuwa amesimama kizingitini, shati lake la mistari limefungwa hadi kifungo cha juu, mikononi kapu lililofunikwa kitambaa chenye maji. Alionekana mkubwa mno kwa chumba kile.

"Nimeleta majani," alisema. "Mazima. Kisu nimekiacha kwa dada yangu, kama unataka kunikagua."

"Ingia," alisema Daktari.

Bi Fundi alimvika koti jeupe lililomfikia juu ya magoti, akakumbuka ghafla kwamba ana shughuli ofisini. Wakabaki wawili. Wembe hakukaa.

"Nataka kuiona hiyo zambarau. Na nataka unifanyie yote mawili, zima na la kukatwa. Nione kwa macho yangu."

Daktari akamfanyia. Hakungoja kukausha. Alichukua majani mazima akayatupa moja kwa moja kwenye kileo cha maabara kilichopashwa moto, huku akieleza kwamba joto lile linakiua kimeng'enya kabla hakijapata nafasi. Mengine akayakata kwa makasi, vipande vidogo vidogo, akayaacha kwenye sahani karibu na dirisha. Walisubiri. Alimweleza vile vyumba na kuta zake, habari yote ndefu, kuanzia mwanzo, na Wembe aliuliza maswali, na mengine yalikuwa magumu. Majani ya kwenye sahani yalianza kushika weusi pembeni. Wembe aliinama akayatazama kwa karibu, akakunja uso.

Kisha mirija miwili ikasimama kwenye kishikio, zambarau kwa zambarau. Daktari akatia maji ya jani zima katika wa kwanza. Rangi ikatetereka, ikafifia, ikawa waridi iliyochakaa, ikawa manjano safi. Akatia ya jani lililokatwa katika wa pili. Zambarau ikapungua kidogo, ikasita, ikagoma.

"Huo wa pili ndio wangu," alisema Wembe.

"Ndio wako."

"Nilidhani nakusaidia, wallahi."

"Najua. Hakuna aliyewahi kunisaidia hivyo. Nilirudi nyuma nikahesabu, sikumwona."

Nje gari lilikuwa likijaribu kuingia kwenye nafasi ndogo na kushindwa.

"Nioe, Wembe," alisema Daktari.

Aligeuka. "Unasemaje?"

"Nimesema unioe. Nimechoka. Nimechoka kurudi nyumbani na maneno ya siku nzima mdomoni sina wa kumpa, halafu nampata wa kumpa namnyima. Sina nguvu ya kukubembeleza wala kujipamba. Tasnifu haijaisha na sijui itaisha lini. Hivi hivi nilivyo, kama unanitaka."

Wembe alitazama viatu vyake, koti lililombana, kisha mirija.

"Nilikuwa nimepanga kusema mimi," alisema. "Siku utakapoitwa daktari wa kweli. Nilishanunua hata tai."

"Tai ya rangi gani?"

"Usicheke."

"Sicheki."

"Zambarau."

Akacheka, na katikati ya kucheka machozi yakamtoka, na Wembe akamfuta kwa mkono wa lile koti la watu.

"Masharti yangu mawili," alisema. "Ukiwa na jambo, uniambie. Hata kama umechoka. Uniambie umelala, nitakusikia."

"Na la pili?"

"Mboga za nyumbani nakata mimi. Hizi za hapa hata sizigusi."

"Nimekubali. Na Mama?"

"Mama nilimpigia asubuhi. Nitakujaje huku bila ruhusa? Kasema nikichelewa atakuja kukuchukua mwenyewe na mguu wake."

Vioo vichafu vilikuwa vimejaa sinki, vya siku nzima. Daktari alivitazama, mabega yakashuka kwa mazoea, akanyoosha mkono kuchukua brashi. Wembe aliichukua kabla yake.

"Hivi naruhusiwa?"

"Hivyo unaruhusiwa. Lakini kwanza sabuni, kisha maji ya bomba, kisha yale ya kwenye dumu jeupe."

"Kwa nini ya kwenye dumu, na ya bomba ni safi?"

Daktari akavuta kiti, akaketi, akavua raba zake akaziweka kando. Lilikuwa swali zuri, na jibu lake lilikuwa refu. Akaanza kumwambia.